Disketi Mdomoni mwa Mashine

Fundi Yahaya Selemani hakuvumilia kitu kilichoachwa wazi mdomo. Chupa, mtungi, buli, tundu la ufunguo, vyote kwake vilitakiwa vizibwe, na asiyeziba aliambiwa papo hapo kuwa ni mchafu, awe mgeni au mwenyeji. Mkewe Maua alikuwa akiwaambia mashoga zake pale Ipuli kwamba siku mumewe akizikwa, atainuka kwanza akague kama mchanga umeshindiliwa sawasawa. Walicheka wakashikana mbavu. Yahaya mwenyewe hakucheka, maana hakuona kosa liko wapi.

Tabia hiyo ilikuwa ya ukoo. Babu wa baba yake aliingia Tabora na msafara kutoka pwani, enzi za pembe na vitambaa, naye hakuwa mpagazi wala tajiri. Alikuwa fundi wa kufuli. Masanduku ya shanga na nguo yalifungwa kwa kufuli, na njia ya kutoka hapa hadi Ujiji ni vumbi tupu. Juma moja tu safarini, tundu limejaa, ufunguo unakatikia ndani, na tajiri anatukana watu. Mzee yule akapata dawa: kabla msafara haujaondoka, kila tundu alilijaza nta ya nyuki, na huko walikofika wakaiyeyusha kwa kaa la moto. Mpaka leo ukoo ule una usemi wao, "Ziba kabla hujaondoka." Kutoka kufuli wakahamia cherehani, na kutoka cherehani Yahaya akahamia taipu.

Uhuru ulimkuta kijana wa miaka ishirini na tisa. Ofisi zikafunguliwa kila pembe, za serikali, za chama, za ushirika, na kila ofisi ilitaka taipu, na fundi aliyeaminika Tabora nzima alikuwa yeye. Alizifungua, akazipangusa, akazitia mafuta, akazirudisha zikilia kama mpya. Mwaka wa sabini na nne, amri za kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa zilipigwa chapa kwa mashine alizozisafisha yeye, na malori yakaenda na karatasi hizo yakapakia watu pamoja na vitanda vyao. Siku moja mtu wa Igalula aliyevunjiwa nyumba alimwuliza kama hakuwa akiyaona yaliyoandikwa. "Mimi nasafisha mashine," Yahaya akajibu. "Barua siandiki mimi." Jibu hilo alilipenda, akalitumia miaka mingi.

Haya. Mwaka wa themanini na nane, mradi mmoja wa dawa za ukoma, ambao ofisi yake ilikuwa upande wa stesheni, ukaletewa kompyuta na wafadhili. Ilikuwa kompyuta ya kwanza watu wengi wa mji ule kuiona kwa macho. Mkurugenzi wa mradi, Ndugu Dionis, mtu wa maneno mengi na kalamu mbili mfukoni, akauliza nani ataitunza. Wakasema, nani mwingine? Yahaya akaajiriwa.

Mashine ile ilikuwa na mdomo mpana mbele, wa kuingizia disketi, yaani kile kibamba chembamba kama bahasha kinachohifadhi maandishi. Ilipofunguliwa kutoka katika boksi, mdomoni mlikuwa na kipande cha kadibodi, walichokiweka wenye kiwanda ili vya ndani visigongane njiani. Yahaya alipokiona uso ulimchangamka. Kumbe hata huko Ulaya wapo wanaojua kuziba! Akatoa amri kwamba kadibodi ile isitupwe. Kila jioni kazi ikiisha, irudishwe mdomoni.

Aliyeifanyia kazi mashine hiyo alikuwa Flavia, mpiga chapa, binti wa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Mkatoliki, mjane mwenye watoto watatu. Mumewe alifariki baada ya kukonda miezi minane, na kila mtu ofisini alijua ni ugonjwa gani ingawa hakuna aliyeutaja. Flavia aliingiza kwenye kompyuta majina ya wagonjwa wote wa ukoma walio kandokando ya reli, nani anakunywa dawa gani, amebakiza miezi mingapi. Alikuwa na adabu ya kwao. Hakupita hata mara moja mbele ya Yahaya bila kusimama kidogo na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo Mzee Yahaya."

"Marahaba, Mama Kasimiri. Umeamkaje?"

Hivyo kila asubuhi, kwa miaka miwili.

Masika ya mwaka wa tisini mchwa wakapanda mezani. Hawakugusa karatasi, hawakugusa mbao. Walikula ile kadibodi wakaacha unga. Yahaya alikasirika kama mtu aliyeibiwa mbuzi. Akamwendea Dionis kuomba kitu cha kuzibia, chochote kile kinachoingia. Dionis alikuwa ametoka semina, akavuta mtoto wa meza, akatoa disketi moja waliyogawiwa huko. "Hii haina kitu, Mzee. Tupu. Zibia hii."

Ikatosha kabisa. Ikaandikwa hata karatasi, Flavia akaipiga chapa, Dionis akatia saini na muhuri, Yahaya naye akatia saini chini yake, ikabandikwa ukutani juu ya mashine: BAADA YA KAZI DISKETI TUPU IRUDISHWE MDOMONI. ISITOLEWE MPAKA ASUBUHI MASHINE IKISHAWASHWA. Hilo la pili lilikuwa la Yahaya mwenyewe. Vumbi la usiku, alisema, hulala juu ya meza, na feni ya mashine ikianza kuvuma ndipo linaponyanyuka. Basi mdomo ukae umefungwa mpaka feni itulie.

Kwa hiyo kila asubuhi Flavia aliwasha mashine ikiwa na disketi mdomoni, na kila asubuhi mashine iliandika mstari mmoja wa Kiingereza: disketi hii si ya kuwashia, itoe, kisha bonyeza kitufe chochote. Flavia aliinua kikomeo, akaichomoa, akabonyeza, kazi ikaanza. Mstari ule waliuita hodi.

"Mzee, imepiga hodi."

"Ikaribishe, mama, ikaribishe."

Wakaikaribisha hivyo Aprili, Mei, Juni, Julai. Mwezi wa nane wagonjwa wa Urambo wakatoweka.

Flavia alifungua faili lao akakuta majina mia mbili na kumi yamegeuka vinyago: vistari, vinyota, alama zisizosomeka kwa lugha yoyote. Alipiga ukelele. Kesho yake wakaharibika wa Igalula. Mashine ikawa mbele yao kama maiti isiyojulikana imekufa kwa nini, na watu wazima wakasimama mlangoni wakichungulia. Akaitwa mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana anayeitwa Silasi, akaja kwa treni na dawa yake ndani ya disketi. Akaiendesha. Mashine ikafikiri, ikajibu: kirusi kimeonekana, hakiwezi kuondolewa. Akaiendesha tena. Kimeonekana, hakiwezi kuondolewa.

"Kinaamka kabla ya dawa," Silasi akasema huku akijipangusa shingo. "Mashine ikiwashwa, jambo la kwanza ni kusoma mlango wa diski, ile ghala iliyo ndani yake. Hiki kimejikalisha mlangoni, na mwenye nyumba, yale maandishi halali ya kuiwashia mashine, kimemhamishia chumba cha nyuma. Dawa ikifika inakuta chenyewe ndicho bawabu. Kinaiambia, humu hamna mtu." Kisha akasema, "Nileteeni disketi zote mlizo nazo."

Wakamletea kumi na moja kutoka katika kisanduku. Akazipima moja moja, zote safi. Ya kumi na mbili ilikuwa palepale mezani, chini ya glasi yake ya chai, na hakuna aliyeitaja, si kwa kuficha, la. Ungewaapisha kwa Msahafu na kwa Biblia, wangekuapia kwamba zilikuwa kumi na moja. Ile kwao haikuwa disketi. Ilikuwa kizibo.

Silasi aliwahi treni ya Ijumaa. Kabla hajaondoka alimwachia Yahaya kurasa sita za Kiingereza na disketi moja safi ya kuwashia, ambayo kishimo chake cha ubavuni kilikuwa kimebandikwa karatasi ya gundi: inasomeka, lakini haiandikiki. "Ukipenda kujaribu kwa mkono," alisema, bila kuamini kwamba mzee yule angeweza.

Alimdharau bure. Mtu aliyekaa miaka thelathini akisoma herufi za taipu kichwa chini, zikiwa kinyume, hashindwi na safu za tarakimu. Jumamosi Yahaya aliwasha mashine kwa disketi safi, ili kirusi kisipate nafasi ya kuamka. Kamusi ikiwa pajani, akaufungua ule mlango wa kwanza, akasoma kilichoandikwa, mstari kwa mstari, kwa kidole. Akakiona. Kilikuwa kifupi, kifupi cha kutia hasira. Akamtafuta mwenye nyumba chumba kwa chumba mpaka akamkuta katika cha saba, mzima, hakuguswa. Akamnakili akamrudisha mlangoni kwake, akakijaza cha saba sifuri tupu. Akapima: safi. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Akazima, akazungusha macho kutafuta kizibo, akakitia mdomoni, akafunika mashine kwa kitambaa, akaenda zake nyumbani akiimba. Maua akamwuliza ana nini leo.

Jumatatu asubuhi kirusi kilikuwepo.

Jioni ile Yahaya akakitoa tena, akapima mara tatu: safi, safi, safi. Akaziba, akafunika. Jumanne asubuhi, kipo. Na wa Urambo waliokuwa wameanza kuingizwa upya wakaharibika tena.

Sasa ofisi ikabadilika hewa. Bertila mfagizi akakataa kupangusa vitufe. Virusi ni virusi, alisema, na anayevigusa kila siku tunajua nyumba yake ilikuwa na nini. Watu wakaacha kumpa Flavia mkono. Walimsalimia kwa mbali, kwa kidevu, wakajifanya wameshika vitu. Yeye alijitia hamnazo, akakaa kwenye kiti chake amenyooka, na Yahaya aliona yote.

Jumanne hiyohiyo, saa nane mchana, akaja kijana wa usalama, suti ya Kaunda, viatu vimeng'arishwa. Mjue siku zile. Wimbo wa Ujamaa ulikuwa bado unaimbwa mikutanoni ingawa waimbaji walikuwa wamechoka, na neno hujuma halikuwa neno la mzaha. Watu walikuwa wamewahi kulala ndani miaka kwa ajili ya neno hilo, wengine kwa magunia mawili ya sukari. Seuze dawa za wagonjwa, tena za wafadhili!

"Kikulacho ki nguoni mwako," Dionis akamwambia mgeni, mlango ukiwa wazi ili wote wasikie. "Jioni mashine ni safi. Asubuhi ni chafu. Hapo katikati ofisi imefungwa. Sasa nani anaifikia kwanza?"

Yahaya akaitwa.

"Mzee, jana jioni uliiacha mashine safi?" kijana akauliza.

"Safi."

"Una hakika?"

"Nilipima mara tatu."

"Na asubuhi, nani huiwasha?"

Yahaya akamtazama Dionis. Dionis alikuwa akitazama dirishani.

"Flavia," akasema.

"Kuna mwingine?"

"Hakuna. Lakini yule mama..."

"Nimeuliza kama kuna mwingine, Mzee."

"Hakuna."

Maelezo yakaandikwa kwa mkono, mistari minne, yote kweli. Yahaya akapewa kalamu. Alisoma, hakuona neno la uongo hata moja, akatia saini. Alijua moyoni kwamba Flavia hakufanya kitu. Alijua kama anavyojua jina lake. Lakini alijiambia kwamba ameandika yanayohusu mashine tu, mengine ni ya wenyewe. Walipomkamata Flavia na kushuka naye ngazi, aligeuka mara moja kutafuta uso wa mtu. Watu wote walikuwa na kazi nyingi kwelikweli siku hiyo.

Ikasemekana angelala kituoni mpaka Ijumaa, kisha treni impeleke Dar es Salaam, huko wakubwa wakamhoji. Na huko, ndugu yangu, watu hawakuwa wakihojiwa wakarudi juma linalofuata. Watoto wake watatu wakaenda kukaa kwa jirani. Kasimiri, yule mkubwa, alimpelekea mama yake uji kwa birika, akarudishwa nao.

Jumatano Yahaya hakula. Alasiri alikitoa kirusi mara ya tatu, akaziba, akafunika, akafunga ofisi kwa mkono wake, na funguo zote mbili akaondoka nazo. Alikuwa na mawazo mazuri: kesho ataiwasha mwenyewe mbele ya Bertila. Ikiwa safi, basi... Hapo akasimama. Ikiwa safi, maana yake nini? Maana yake ni Flavia. Njiani kote akajikuta anaomba Mungu kirusi kiwepo, na alipong'amua anachokiomba akaona haya.

Alhamisi, saa moja na nusu asubuhi, akafungua. Vumbi la usiku lilikuwa limelala juu ya meza sawasawa, halina alama ya kidole. Bertila akasimama mlangoni na ufagio, hakuthubutu kuingia. Yahaya akafunua kitambaa, akabonyeza swichi. Feni ikavuma. Mashine ikaguna, taa nyekundu ya mdomoni ikawaka, ikazimika.

Ikapiga hodi.

Tangu Aprili alikuwa akiusikia mstari huo kwa mdomo wa Flavia. Siku ile ndiyo kwanza aliketi akausoma mwenyewe. Disketi hii si ya kuwashia. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuinua kikomeo, umekwisha kuichomoa, kidole kimekwisha kubonyeza, kabla akili haijafika. Kisha akili ikafika. Itasemaje kwamba si ya kuwashia, kama haijajaribu kuwaka nayo? Itajaribuje kuwaka nayo, bila kuusoma mlango wake?

Akazima. Akawasha kwa disketi safi ya Silasi, akaupima mlango wa mashine. Kipo. Akaiingiza ile disketi tupu, kizibo chake, akaufungua mlango wa kwanza na kusoma. Hakuhitaji kamusi tena. Mistari ile aliijua kama Alhamdu. Kirusi kilikuwa kimeketi humo, kimetulia, na kila jioni alikuwa akikisindikiza ndani kwa mkono wake mwenyewe, akakifunika na kitambaa kisipate vumbi.

"Mzee, vipi?" Bertila akauliza pale mlangoni. "Mbona umekuwa hivyo?"

"Nenda kafagie huko," Yahaya akasema.

Alikwenda kwa Dionis akaiweka disketi mezani, akaeleza yote bila kujikingia: mchwa, kizibo, amri ya feni, hodi. Dionis alisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu ajuane naye hakukatiza maneno. Alipomaliza, mkurugenzi aliinuka akafunga mlango taratibu.

"Nani mwingine ameona?"

"Hakuna."

"Mzee Yahaya." Sauti ilikuwa laini. "Hii disketi mimi ndiye niliyekupa. Karatasi pale ukutani ina saini yangu na yako. Yule kijana hatauliza kama tulijua. Atauliza nani alileta, nani alitia. Wewe mwakani unastaafu. Rudi kwako upumzike. Mashine itapona, si ndiyo? Kirusi umekijua. Flavia hawana ushahidi naye, watamsumbua kidogo, watamwachia. Mungu si Athumani."

Akaitia disketi katika mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo.

Yahaya akatoka. Nitakuambia kweli, maana mimi si mtu wa kuwavika watu vilemba vya ukoka: alifikiri kunyamaza. Alikwenda kuswali Adhuhuri akifikiri hivyo, akasujudu akifikiri hivyo. Alimfikiria Maua, akaifikiria miguu yake mibovu ikilala sakafuni. Maneno ya zamani yakamjia, yale ya kusafisha mashine na kutoandika barua, akayakuta yananuka. Aliporudi, ukutani juu ya mashine hapakuwa na karatasi. Palibaki mraba mweupe, safi, na alama nne za gundi.

Naye ndipo alipokasirika. Uoga ulikuwepo, tena mwingi, lakini hasira iliupita. Kumbe huyu mtu amekwisha kuanza kumfuta yeye pia!

Ila Dionis, pamoja na kalamu zake mbili, alikuwa hajui wapiga chapa wanavyofanya kazi. Flavia hakupiga karatasi yoyote bila kaboni chini yake, na saini zote ziliwekwa nakala zikiwa bado zimebanwa pamoja, kisha ile ya kaboni akaihifadhi. Yahaya alifungua kabati, akashusha jalada, akapekua. Ilikuwa mahali pake kwa tarehe, tarehe tisa Aprili, maneno yote, na chini saini mbili za rangi ya samawati iliyofifia. Akakaa kwenye kiti cha Flavia. Akavuta ile taipu kuukuu aliyoitengeneza mwenyewe mara kumi, akaingiza karatasi tatu na kaboni mbili, na kwa vidole viwili, taratibu, akaandika. Ofisi nzima ilisikia mlio. Dionis alitokea mlangoni pake, akatazama, akarudi ndani. Baadaye ikasikika simu ikizungushwa.

Kituoni kijana wa usalama alisoma mara mbili. Akaiweka nakala ya kaboni kando ya maelezo ya Jumanne, akayatazama yote kwa pamoja.

"Mzee, unajua unachokisema hapa? Unasema ni wewe."

"Ni mimi. Kwa kutojua, lakini ni mimi."

"Mbona juzi hukusema?"

"Juzi nilijibu nilichoulizwa. Leo nimeandika nisichoulizwa."

"Mkurugenzi wako amenipigia simu sasa hivi. Anasema umechanganyikiwa kwa uzee, unamtetea mwanamke."

"Disketi iko katika mtoto wa meza yake. Amefunga kwa ufunguo. Mkienda upesi mtaikuta."

Kijana alizikunja karatasi akazitia mfukoni. Uso wake haukuonyesha kitu, wala kuamini wala kutoamini. Akamnong'oneza askari, askari akatoka akipiga hatua za haraka, na pikipiki ikasikika nje. "Kaa hapo," akamwambia Yahaya, akamwonyesha benchi la ukutani. Yahaya akakaa. Ilipita saa nzima, labda na zaidi. Pikipiki ikarudi. Watu wakasemezana kwa sauti ya chini nyuma ya mlango, kisha mlango wa ndani ukafunguliwa, na Flavia akatolewa.

Alikuwa pekupeku. Kitenge kilikuwa kimechafuka upande mmoja, na nywele, alizokuwa akizisuka kila Jumapili, zilikuwa zimefumuka. Askari alimrudishia viatu vyake na rozari. Alivivaa akiwa amesimama, mkono mmoja ukutani, kisha akainua macho akamwona aliye kwenye benchi.

Yahaya alikuwa ameandaa maneno. Alikuwa ameyapanga njia nzima.

"Mzee Yahaya," Flavia akasema. "Siku ile ulipotia saini, ulijua sikufanya?"

Hapo angeweza kusema uongo. Alitazama chini.

"Nilijua, Mama Kasimiri."

Flavia akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeuliza bei ya kitu akatajiwa ileile aliyoikisia. Akajifunga kitenge vizuri. Akapita mbele yake, karibu kiasi cha upindo kumgusa magoti, akaenda moja kwa moja mlangoni, hakusimama, hakuinamisha kichwa. Yahaya alisubiri ile shikamoo mpaka aliposikia viatu vyake vimeshuka ngazi zote na kuingia barabarani.

"Haya, Mzee," askari akasema. "Vua viatu."